Jina Langu kwa Rangi ya Dhahabu

Shau Kei Wan, Hong Kong
Jumapili, 21 Aprili 1985

Dada Yuk-ping mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kama ulivyotaka, na natumaini umeutambua mwandiko kabla hujafika mstari wa pili, maana tangu shule ya masista ulikuwa ukinicheka kwamba maandishi yangu yanainama kama watu wanaopanda kilima na mizigo. Mimi ni mzima. Kifua kimetulia tangu baridi ipungue. Macho ndiyo yameanza kunisumbua, lakini rozari haihitaji macho. Magoti yako je? Na Shemeji, bado anagombana na tanuri lake la biskuti za lozi? Mwambie za mwisho alizotuma zilifika zimevunjika zote, na tulizila kwa kijiko kama uji, na zilikuwa tamu vilevile.

Barua yako ilifika Jumatano. Niliisoma jikoni huku nimeupa mlango mgongo, maji yakichemka, ili nikifuta macho ionekane ni mvuke. Dada, nisamehe. Najua uliniombea siku tatu ukidhani nimekufa kweli. Najua pia ulipiga simu mara mbili. Aliyepokea ni Bi Fung, mwanamke wa kampuni ya santuri anayekaa nasi kumwangalia Kit-yi wangu, nguo zake, chakula chake na nani anampigia. Alikujibu kwamba hapa hakuna Tam Yuk-lin, huyo ni marehemu mama yake Kit-yi, na akakuuliza wewe ni wa gazeti gani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake nikikata tangawizi. Alipoweka simu chini akaniambia, "Shangazi, hawa waandishi wa siku hizi wamezidi. Sasa wanalia kabisa kwenye simu." Nikamjibu kwamba dunia imeharibika. Nikaendelea na tangawizi yangu.

Umeandika maneno makali juu ya mtoto, nami sikulaumu. Umeona picha gazetini, mpwa wako amepiga magoti kaburini, na jina langu juu ya jiwe limepakwa dhahabu. Mtu yeyote wa kwetu akiona vile ataelewa anachoelewa. Kisha padri wetu, kwa ombi langu, akakujulisha kwamba mimi ni mzima, ukaona basi huyu binti amemzika mama yake akiwa hai ili auze santuri. Ukarudisha keki za Pasaka alizokutumia bila kufungua hata kamba. Ukaandika kwamba huna mpwa. Kit-yi aliiona ile kamba, fundo lake mwenyewe bado liko. Akaingia bafuni akafungua bomba. Alikaa humo mpaka Bi Fung akagonga kumwambia maji ni ya kulipia.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, na nikifika mahali pagumu usiitupe barua. Endelea mpaka mwisho.

Unajua alishinda lile shindano la kuimba la televisheni mwaka wa themanini na mbili, akiwa na miaka kumi na saba. Kampuni ikamchukua wiki ileile. Mkubwa wake ni Bwana Szeto, mwanamume mpole, anavaa viatu vyeupe, hajawahi kupaza sauti mbele yangu hata siku moja. Wimbo wa kwanza waliompa, muziki ulitoka Japani kama nyingi za siku hizi, na mtunzi akakaa siku nne kuutafutia maneno ya kwetu ambayo yatapanda pale sauti inapopanda na kushuka pale inaposhuka. Ni wimbo wa binti anayevaa koti la mama yake aliyekufa, na mikono ya koti ni mirefu kumpita. Umeusikia, sina haja ya kueleza. Hakuna kinyozi wala teksi ambayo haukupigwa. Kwenye nyumba za chai wazee waliweka vikombe chini wakausikiliza. Watu wakataka kujua binti mwenyewe ni nani, na magazeti yakawajibu: ni yatima. Baba, mchoraji wa mabango ya maduka, alikufa mtoto ana miaka sita, mama akamfuata, na shangazi mmoja mnyonge ndiye aliyemlea.

Shangazi huyo ni mimi. Naitwa Yuen Oi, jina la wifi yangu aliyekwenda Kanada. Kwa jina hilo naitwa sokoni, naitwa kwa mwenye nyumba, na Kit-yi ananiita Shangazi asubuhi mpaka jioni kwa sababu kuta za hapa ni nyembamba na Bi Fung analala sebuleni. Bi Fung hajui. Ni mtu mzuri, ananinunulia dawa ya macho. Tulio na siri hii ni watatu tu, mtoto, mimi na Bwana Szeto, ukimwacha padri wetu aliyenisikia kwenye kitubio.

Mwanzoni nilicheka, Dada, nakiri. Kuna Bi Ngan muuza samaki, mdomo wake unaujua. Alinikatia kichwa cha samaki bure akasema, "Mpelekee yatima wako. Na wewe Shangazi kula, usije ukamfuata wifi yako." Kisha akataka kujua huyo wifi alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa wa kawaida, mbishi kidogo. Akanitazama kwa ukali, kisu mkononi, akaniambia nisiwaseme vibaya marehemu. Nilifika nyumbani nikamsimulia Kit-yi kwa kumnong'oneza sikioni, tukacheka tumeibana midomo kwa mito. Alikuwa bado mtoto. Tulidhani ni jambo la miezi michache, wimbo utachuja, utakuja mwingine wa mapenzi, na watu watasahau.

Hawakusahau. Walikuja wengine watano, na kila mmoja una mama aliyekufa ndani yake mahali fulani. Mtunzi akijaribu kuandika kingine Bwana Szeto anamrudishia karatasi.

Mwezi wa kumi na moja uliopita, mwezi wa kuwaombea marehemu, wasichana wa chama cha mashabiki wake walichanga wakaenda parokiani kwetu kuomba Misa kwa ajili ya mama yake. Walifanya kwa moyo mweupe, wengine hata si wakristo. Nilikuwa nimekaa benchi la sita, mahali pangu pa siku zote. Padri Mok akasoma majina, na kati ya majina akasoma Maria Tam Yuk-lin, kanisa zima likajibu, raha ya milele umpe ee Bwana. Na mimi nikajibu. Sikujua nifanye nini zaidi. Kit-yi alikuwa mbele kabisa, amevaa nyeusi, mashabiki wamemzunguka, na niliona mabega yake. Wakati wa Komunyo nilipanda kama wengine. Tangu siku ile nikisali nashindwa kujua ninasali kama nani. Nikisema jina langu mbele ya Mungu, naona kama nazungumzia mtu mwingine aliyeombewa tayari.

Sasa nifike kaburini. Unakumbuka siku tuliposimama mimi na wewe, msiba wa mume wangu Yuen Fuk, fundi akipaka jina lake dhahabu na langu kando yake jekundu, kwa kuwa nilikuwa bado napumua. Ukanishika kiwiko ukaniambia libaki jekundu miaka hamsini. Kila mwaka nikienda kufagia huwa naligusa. Mwaka huu Ching Ming, siku yetu ya kufagia makaburi, ilianguka siku ya Ijumaa Kuu, na gazeti la kila wiki likaomba picha ya Kit-yi akifagia kaburi la wazazi. Bwana Szeto akakubali, kisha akatuma mtu akaangalie mahali palivyo, na mtu akarudi na habari ya ile nyekundu. Bwana Szeto akaniita ofisini. Alinimiminia chai yeye mwenyewe. Akasema, "Shangazi, jiwe lenu linasema mambo mengi. Lipakeni upya kabla ya Ijumaa."

Nilikwenda kwa mafundi watatu pale langoni. Wa kwanza aliuliza cheti cha kifo kiko wapi. Wa pili aliuliza tarehe ya mazishi, nikababaika, akarudi kwenye gazeti lake la mbio za farasi. Wa tatu, mzee, alinitazama usoni kwa muda akasema, "Mama, mimi hii rangi naiweka juu ya watu waliokwisha kwenda. Nikimpaka aliye hai, usiku nitalala na nani?" Akaniuzia kopo, lakini mkono wake alikataa kuutoa.

Kwa hiyo nililipaka mwenyewe. Ilikuwa Jumatano asubuhi, mvua nyepesi. Brashi ilikuwa ya marehemu mume wangu, ile nyembamba ya kumalizia kingo za mabango, nilikuwa nimeiweka miaka yote bila sababu. Nilipiga magoti juu ya gunia. Nilianza na jina la ukoo kwa kuwa ni la wazee wetu wote na halinihusu mimi peke yangu, kisha yale mengine mawili. Nyekundu ilikuwa inachungulia chini, ikabidi nipake mara ya pili. Nilisali Salamu Maria nikipaka, na kila nikifika "saa ya kufa kwetu" nililazimika kusimama kidogo. Nilimaliza nikafuta kingo kwa kitambaa, na Mungu anisamehe, nilipolitazama niliona kazi imekuwa safi, Yuen Fuk asingeona kosa.

Ijumaa yenyewe nilisimama nyuma ya mpiga picha nikiwa na mwavuli. Kit-yi alikataa kupiga magoti. Wakadhani ni uchungu, wakampa maji. Mwisho alipiga magoti, akafuta jiwe kwa mkono, akaona rangi imemng'ang'ania kidoleni, bado mbichi kidogo kwa sababu ya mvua. Akageuka akanitafuta. Picha uliyoiona ni hiyo, amegeuka. Gazeti liliandika chini yake kwamba anatazama mbinguni.

Utaniuliza kwa nini sikukataa. Mtu mzima, mkristo, mama wa mtoto, anaambiwa ajizike kwa mkono wake naye anaomba brashi. Hapa ndipo pagumu nilipokwambia.

Dada, si Kit-yi aliyeniua. Si kampuni pia, kampuni ilinikuta tayari nimekufa.

Nilikuwa nikikuandikia kwamba nafanya kazi ya mapokezi kwenye mkahawa mkubwa wenye ukumbi wa muziki, kule Tsim Sha Tsui. Kwenye mkahawa nilikuwepo, ila si mapokezi. Nilikaa chooni, choo cha wanawake, miaka kumi na moja. Nilifuta masinki, nilitoa taulo za moto, nilishika mikoba ya watu wakijipaka poda. Waliniita Shangazi Taulo. Wake za wakubwa wa santuri na wa televisheni wote walipitia mikononi mwangu, na wengi wao hawakuwahi kunitazama juu ya vidole.

Fomu ya lile shindano ilitaka mzazi ajaze, kwa kuwa mtoto hajatimiza umri, na mzazi wa atakayeshinda angeitwa jukwaani aonekane na televisheni. Mmoja wa waamuzi, mke wake nilimpa taulo Alhamisi ya wiki ile. Nilikaa na fomu juu ya kifuniko cha ndoo, wakati hakuna mtu. Penye kazi ya mama nikaona nitaandika nini. Nikafikiria wanavyomcheka mtoto wangu, binti wa Shangazi Taulo anaimba. Basi penye mama nikaandika jina langu, na kando yake nikaandika marehemu. Penye mlezi nikaweka shangazi, nikatia saini ya wifi aliyeko Kanada, ambaye hatarudi. Nikajiambia ni karatasi tu, ni usiku mmoja, hatashinda, wako mia tatu.

Na nilijiambia kwamba nafanya kwa ajili yake. Hilo nalo nimelirudia miaka mitatu mpaka juzi Padri Mok aliponingoja kwenye kitubio niseme lililobaki. Nilikuwa naona haya kwa ajili yangu, Dada. Sikutaka wale wanawake wainue macho kutoka kwenye vidole vyangu wanione mimi ni nani. Mtoto nilimtanguliza mbele kama mtu anavyojikinga na mwavuli.

Alishinda. Bwana Szeto akaisoma fomu, akampa mtunzi. Wiki iliyofuata akataka kitambulisho changu kwa ajili ya mkataba, akaona jina, akaona kwamba marehemu ameketi mbele yake ameshika mkoba. Hakukasirika. Alisema fomu ile ni tangazo zuri kuliko lolote alilowahi kulilipia, akaitia kwenye droo ya meza yake akafunga.

Kit-yi aliletewa karatasi ya maneno ya wimbo, akaisoma, akaja nayo nyumbani akaniuliza, "Ma, nani kakuua?" Nikamwambia. Nilitegemea apige kelele. Alikaa kitandani akikunja karatasi na kuikunjua, kisha akasema basi tusiseme, wakijua watakucheka wewe. Wewe, alisema. Miaka mitatu magazeti, mashabiki, na sasa watu wa damu yake, yote ameyabeba yeye ili wale wanawake wasinicheke. Alinikataza nisikuandikie. Ulipomrudishia keki nilitaka kukwambia, akanishika mkono akasema Mama Mkubwa akinichukia mimi si kitu, lakini wewe ni dada yake, utabaki na nani?

Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Baada ya Pasaka, Jumanne, alikwenda kwa Bwana Szeto akiwa na kile kidole ambacho dhahabu ilikuwa haijatoka kwenye ukucha. Akamwambia hataongeza, na siku ya mwisho atawaita waandishi aseme mama yake yu hai. Bwana Szeto akafungua droo. Akaiweka fomu juu ya meza, maandishi yangu yamepanda kilima vilevile. Akasema kwa upole wake kwamba mwenye kusema ukweli aseme wote, na waandishi watapenda sana kuona mwandiko wa nani, na watapenda kwenda kule mkahawani kuuliza Shangazi Taulo ni nani. Kit-yi alisoma ile karatasi mara moja. Akasaini miaka mitano mingine.

Aliniambia kwenye ngazi, tukipanda, kwa sababu juu kulikuwa na Bi Fung. Nikamwambia wangenicheka tu, mtoto, kucheka hakuui. Akasema ameshasaini. Akanichukulia mfuko wa mboga.

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyo. Nina miaka arobaini na nane, nimekufa na nitaendelea kufa mpaka mwaka wa tisini. Akipata mchumba, mkataba unakataza mpaka hapo. Nikiugua, nitaugua kama Yuen Oi. Padri Mok hakunigombeza. Aliniuliza tu nani analipa kwa ajili ya uongo wangu, nikamjibu, akasema nianzie kwa yule ambaye naweza kumrudishia haki yake leo, hata kama mengine hayafunguki. Ndiyo maana nimeandika. Ukali ulio nao, Dada, uchukue wote kutoka kwake uniletee mimi. Sitajitetea.

Na nina ombi. Tarehe kumi na nane Mei atakuja huko kwenu Macau kuimba hotelini kwa siku moja. Mchana ana saa tatu za kupumzika, na amemwambia Bi Fung kwamba atakwenda peke yake kununua biskuti za lozi, kwa kuwa wenye duka hilo hawapendi wageni. Mimi nitakuja na feri ya mapema, ya watu wanaokwenda kwenye mbio za mbwa, hakuna atakayenitazama. Tupikie chochote, hata mchuzi wa maboga tu. Funga mlango wa duka.

Unajua watoto wa nyumba yetu walivyofundishwa. Hakuna anayegusa vijiti kabla hajawakaribisha wakubwa wali, mmoja mmoja, kwa cheo chake. Hapa kwetu mezani ananikaribisha kama Shangazi, na Bi Fung humsifu kwa adabu. Siku hiyo mwache aanze na Shemeji, kisha wewe Mama Mkubwa, kisha afike kwangu. Akifika kwangu usimharakishe, na mwambie Shemeji asichekeshe. Hajalisema neno Ma kwa sauti siku nyingi, huenda likamkwama. Wali ukipoa tutakula hivyohivyo.

Msalimie Shemeji sana, na jirani yako wa duka la dawa kama bado yupo. Kit-yi hajui kwamba nimeandika, nitamwambia nikipata jibu lako. Nijibu kwa anwani ya parokia, kwa Padri Mok, yeye ananijua. Barua hii usiichome, iweke na picha ya wazazi. Mungu akulinde wewe na magoti yako, na Mama Maria awe nanyi nyote.

Ni mimi mdogo wako,

Maria Tam Yuk-lin